Kazi mchana, darasa jioni: maswali ninayoulizwa kuhusu muda

Kwa miaka minne nilikuwa keshia mchana na mwanafunzi wa uhasibu jioni. Nilikuwa naishi Mbagala, pembeni mwa Dar es Salaam, kazi yangu ipo Posta, katikati ya jiji. Nilipata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, nikazirudia, nikamaliza. Tangu hapo kila mwenzetu ofisini anayejiunga na chuo hupitia mezani kwangu na maswali yaleyale, nami nimechoka kuyajibu mdomoni huku wateja wamejipanga dirishani wananitazama. Nimeyaandika. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa mistari miwili, maana ndiyo yanayohitaji.

Nimeajiriwa kutwa nzima na sasa nimepata chuo. Nianze kwa kupanga ratiba?

Ratiba iache kwanza. Anza na hesabu, kama keshia anavyohesabu droo kabla ya kufungua dirisha. Wiki ina saa 168. Chukua daftari, andika 168 juu, kisha uanze kutoa kila kitu ambacho tayari kina mwenyewe.

Zangu zilikwenda hivi. Usingizi saa 7 kwa siku, jumla 49, zikabaki 119. Kazi saa 45 na mapumziko ya mchana saa 5, zikabaki 69. Safari ya Mbagala kwenda Posta na kurudi, saa 3 kwa siku kwa siku tano; zikabaki 54. Kuoga, kula na kujiandaa, saa moja na nusu kila siku, yaani 10 na nusu. Zikabaki 43 na nusu. Kazi za nyumbani, sokoni na watoto, saa mbili na nusu kila siku, yaani 17 na nusu, zikabaki 26. Ibada, kutazama wagonjwa, misiba, vikao vya harusi na ndugu anayefika bila taarifa, saa 10. Zikabaki 16.

Saa 16. Na humo ndani darasa lenyewe la jioni limo. Nakumbuka niliirudia ile hesabu mara mbili nikidhani nimekosea kutoa. Hadi siku hiyo nilikuwa najiona mvivu, kwa sababu ratiba niliyoibandika ukutani ilinitaka nisome saa 30 kwa wiki na mimi nilikuwa sifiki hata nusu. Ratiba ilikuwa imetengenezwa kwa saa za watu wengine: za mwajiri, za barabara, za mama mkwe. Ukigawa pesa isiyokuwa yako, siku mwenyewe akija kuidai utaaibika. Na saa ni hivyohivyo.

Sasa nichukue masomo mangapi kwa muhula?

Hapa hesabu inaendelea. Vyuo vikuu vya Tanzania hupima kozi kwa krediti, na kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: darasani, kujisomea, asainimenti na mtihani, vyote kwa pamoja. Kozi ya krediti 10 ni saa 100. Kozi sita za namna hiyo ni saa 600. Zigawe kwa muhula wa wiki 15 na utapata saa 40 kila wiki. Hiyo ni ajira ya pili.

Mwenye saa 16 kwa wiki ana saa 240 kwa muhula. Kozi mbili zinamwenea, na saa 40 zinabaki za dharura. Tatu atazibeba kwa kuiba usingizi. Nne ni kujidanganya, na mimi nilijidanganya mwaka wa kwanza. Zile sapu mbili hazikudondoka kutoka mbinguni.

Najua vyuo vingine hukupangia kozi zote bila kukuuliza. Kama chako ni cha namna hiyo, uliza mapema kama wana mpango wa kusoma kwa muda mrefu zaidi, au tazama elimu ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa aina yetu hasa, wanaosoma huku wana kazi na kaya, na mtu anaweza kwenda taratibu. Kumaliza kwa miaka mitano bila kudisko, yaani kuondolewa chuo, kunashinda kuanza kwa kishindo na kuishia mwaka wa pili.

Mbona kila wiki ratiba yangu inavunjika kufikia Jumatano?

Kwa sababu umeipanga kwa ajili ya wiki ambayo haijawahi kutokea. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia ya binadamu kukadiria kazi kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kweli, hata kama kazi ya aina hiyohiyo ilimchelewesha mara zote zilizopita. Mtu anaitazama kazi iliyo mbele yake, anaiona imenyooka, anasahau historia yake mwenyewe.

Dawa yake ni kuuliza historia badala ya matumaini. Asainimenti iliyopita ilikuchukua siku ngapi? Si ulizopanga, ulizotumia. Kama ilikuwa sita, hii nayo ipe sita, hata kama moyo unakuambia mbili. Mimi nilikuwa naandika pembeni mwa daftari, kwa penseli, makadirio na uhalisia: «saa 3 / saa 7». Baada ya muhula mmoja nikajua kwamba hesabu za gharama naziwahi, lakini kitu chochote cha kuandika insha nakizidisha mara mbili.

Halafu acha siku moja tupu. Tupu kabisa. Yangu ilikuwa Alhamisi. Kila kilichoanguka Jumatatu hadi Jumatano kilikuwa na mahali pa kuangukia. Wiki ambayo hakuna kilichoanguka (zilikuwa chache, lakini zilikuwepo) nilirudi nyumbani mapema, nikala ugali wa moto na watoto.

Kwenye mfumo wa chuo wameandika mwisho ni «Ijumaa 00:00». Hiyo ni lini?

Bora umeuliza. Mimi sikuuliza.

Ilikuwa asainimenti ya asilimia 15. Niliona Ijumaa, nikaona usiku wa manane, nikasema vema, Ijumaa nikitoka kazini nitamalizia na saa tano usiku nitatuma. Ijumaa asubuhi nafungua mfumo nikiwa kwenye daladala, nakuta umefungwa. Saa 00:00 ya Ijumaa ndiyo dakika ya kwanza ya Ijumaa, yaani usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa mtu aliye bado macho, ni Alhamisi usiku.

Kinachoniuma ni kwamba bibi yangu asingekosea. Kwa watu wa pwani wa zamani siku huanza jua likizama. Alhamisi baada ya magharibi bibi anasema «leo usiku wa Ijumaa». Mashine ya chuo na bibi yangu walikuwa wanakubaliana, mimi niliyesoma ndiye niliyebaki nje.

Basi kila tarehe ya mwisho iandike upya kwa Kiswahili chako, kwa maneno kamili. 23:59 Ijumaa ni Ijumaa saa sita kasoro dakika moja usiku. 09:00 ni saa tatu asubuhi. 15:00 ni saa tisa alasiri. Usiandike «saa 3» peke yake kwenye kundi la darasa, maana nusu ya watu watasoma saa za simu na nusu saa za Kiswahili. Nimeona diskasheni nzima ikivunjika kwa sababu hiyo, watatu walifika saa tatu asubuhi na wanne saa tisa mchana, kila upande ukilaumu mwingine kwa uzembe.

Wanaosoma na vyuo vya Uingereza kwa mtandao wana mtego wa ziada. Saa za London husonga mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudi nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati za kwetu zimetulia mwaka mzima. Kipindi cha saa nane mchana London ni saa kumi na moja jioni Dar es Salaam mwezi Januari, lakini Julai ni saa kumi jioni. Muda wako wa kuomba ruhusa kazini unabadilika na wewe hujagusa kitu.

Naweza kusoma kwenye daladala?

Ukikaa, ndiyo. Ukisimama umeshika bomba na kiwiko cha mtu kiko sikioni, usijitese. Nilijaribu kusoma madesa, yaani notisi za darasa, nikiwa nimesimama kutoka kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, hadi Posta. Niliambulia kupitwa na kituo. Kilichofanya kazi ni sauti. Jioni nilijirekodi kwenye simu nikijiuliza maswali kumi, kila swali likifuatiwa na ukimya wa sekunde kumi na tano, kisha jibu. Asubuhi sikio moja spika, sikio la pili kwa konda. Kama kituo chako cha mwanzo kinakuwezesha kupata siti kwa kuondoka nusu saa mapema, ondoka. Nusu saa hiyo ya usingizi inarudi kama saa moja ya kusoma umekaa, na unafika kazini hujalowa jasho.

Ile njia ya dakika 25 inafaa?

Inafaa kwa kuanza. Ilibuniwa na Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: unasoma dakika 25, unapumzika 5, na baada ya mizunguko minne unapumzika kwa muda mrefu zaidi. Uzuri wake ni kwamba mtu aliyechoka hawezi kujiambia «nasoma saa tatu», lakini dakika 25 hata mgonjwa wa mafua anaziweza.

Ila kwa hesabu ndefu za uhasibu mimi inanikata. Unafika katikati ya hesabu za majumuisho, kengele inalia, ukirudi hujui uliacha wapi. Kwa hizo nilikwenda dakika 50. Tumia ya Cirillo kwa yale unayoyakwepa, na yale unayoyapenda yaache yaende yenyewe.

Kukesha kabla ya mtihani je? Watu wanakesha na wanafaulu.

Wanafaulu, wengine. Waulize baada ya miezi miwili wanakumbuka nini. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo: kusahau kunakwenda kasi sana saa za mwanzo na siku za mwanzo, kisha kunapungua mwendo. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanashika kuliko idadi ileile ya marudio iliyorundikwa kwa mara moja. Kwa hiyo saa sita za kusoma ukizigawa katika siku nne unapata zaidi ya saa sita za usiku mmoja. Ni saa zilezile, hakuna ulichoongeza, na kwa sisi wenye saa 16 habari hiyo ni kama kuongezewa mshahara.

La pili, acha kusomasoma. Yaani kupitisha macho kwenye desa mara ya tatu ukiwa na kalamu ya njano, kila mstari umeupaka hadi ukurasa mzima umekuwa embe. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwagawa wanafunzi: wengine wasome andiko tena na tena, wengine wasome kisha wafunge na kujaribu kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Ndiyo sababu kusomasoma kunadanganya: usiku ule unajisikia umeiva.

Njia yangu ilikuwa karatasi tupu. Nikifunga kitabu nachukua karatasi, naandika kila ninachokumbuka kuhusu mada, hata kama ni mistari mitatu ya aibu. Kisha nafungua na kutazama nilichoacha. Kilichoachwa ndicho kinachosomwa kesho. Dakika 20 za hivyo zilinisaidia kuliko saa nzima ya kalamu ya njano.

Kuhusu kahawa: nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baadaye, kwa wengine zaidi. Kikombe cha saa mbili usiku saa saba bado kinakupigia ngoma. Kahawa tungu ya barazani inywe mapema au jikubalie kwamba umeamua kukesha.

Bosi ananiletea kazi saa kumi na nusu kila siku, na darasa ni saa kumi na moja na nusu.

Kwanza ujue mpaka uko wapi. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano una haki ya mapumziko ya dakika 60. Vifungu hivyo vya saa haviwagusi mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kwa hiyo ukipandishwa cheo katikati ya masomo fikiria mara mbili.

Lakini sijawahi kuona mtu aliyenufaika kwa kumsomea bosi vifungu saa kumi na nusu jioni. Sheria iweke mfukoni ikupe mgongo ulionyooka. Mdomoni tumia lugha nyingine. Mimi nilijifunza sentensi moja kwa dada wa manunuzi aliyekuwa amenitangulia chuoni. Kazi ikija jioni alikuwa anasema: «Sawa bosi. Nina ile ripoti ya benki uliyoitaka kesho asubuhi. Hii ndiyo itangulie, au ile?» Halafu ananyamaza. Ule ukimya ndio uliokuwa unafanya kazi. Mara nyingi bosi alikuwa hajui kwamba ameshatoa kazi nyingine. Anakuna kichwa, anasema hii acha hadi kesho.

Na mweleze mapema. Siku ya kwanza ya muhula nilimwandikia bosi wangu siku za darasa na tarehe za mitihani, karatasi moja, nikamwachia. Hakuifurahia, ila hakuweza kusema hakujua.

Likizo nayo ni saa zako, usizitupe. Sheria inatoa siku 28 kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye mwenye kauli kuhusu lini zianze, kwa hiyo omba Januari kwa ajili ya Mei. Wanaofanya mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ya Mei na Novemba, wanalijua hili vizuri: ofisi ya uhasibu inaweza kuwa na waombaji wanne wa wiki ileile, na anayepata ni aliyeomba mwanzo.

Simu inanimaliza. Makundi ya WhatsApp 31.

Toka kwenye 20. Unacheka, lakini nimemaliza jibu.

Haya, yaliyobaki. Makundi ya ukoo, ya kanisa au msikiti na ya vikoba huwezi kutoka bila kuitwa kikao. Yanyamazishe moja kwa moja, yafungue mara mbili kwa siku, mchana na baada ya isha. Waambie wa karibu kwamba la haraka wakupigie. Msiba hautangazwi kwa ujumbe peke yake, mtu atapiga.

Hasara ya simu iko zaidi kwenye kurudi kuliko kwenye zile sekunde za kutazama. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akihama kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile aliyoiacha, hasa kama hakuimaliza. Umefungua ujumbe wa sekunde tano kuhusu mchango wa send-off. Dakika kumi baadaye macho yako yako kwenye leja, akili inahesabu elfu hamsini utaitoa wapi. Usiku wa kusoma simu yangu ilikaa juu ya kabati la vyombo, jikoni, mahali ambapo lazima nipande stuli kuifikia. Stuli ile ilinisaidia kuliko programu yoyote.

Na misiba, harusi, vikao? Siwezi kuwakataa watu.

Ushauri mwingi wa muda unaozunguka mitandaoni umeandikwa kwa watu wanaoishi peke yao. Unakuambia «jifunze kusema hapana». Wewe mwambie baba mdogo hapana kuhusu matanga ya shangazi, kisha siku yako ikifika uone watakaokuja kukaa na wewe kwenye mkeka. Saa za watu ni deni na akiba kwa pamoja, ndiyo maana kwenye hesabu yangu nilizitengea saa 10 wazi tangu mwanzo, wala sikuzificha.

Lakini kuna tofauti kati ya kufika na kukaa. Msibani nilifika siku ya kwanza, mapema, nikaonekana, nikabeba viti, nikatoa rambirambi mkononi mwa mhusika, na siku ya maziko nilikuwepo. Siku za katikati nilikwenda kazini na darasani. Hakuna aliyeninung'unikia, kwa sababu wanachokumbuka ni nani alikuwepo mwili ulipofika.

Vikao vya harusi ni habari nyingine, na hapa natoa maoni yangu bila kuficha: vikao kumi na mbili vya kamati, kila Jumapili, soda na bajeti ileile ikisomwa upya, ni anasa. Nilimwendea mwenyekiti wa kamati nikamwambia, «Kaka, mimi nipe kazi moja yenye mwisho.» Akanipa kusimamia mahesabu ya michango. Nikawa natuma taarifa kila Jumamosi usiku, kikao kinaisoma, mimi niko na kitabu. Mchango wangu nilikuwa nalipa mapema, wote, wiki ya kwanza. Anayelipa mapema hatafutwi.

Kitu ambacho hakifanyi kazi ni uongo. «Niko safarini» huku dada wa duka la chini anakuona ukinunua mkate.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Hizo saa mbili na nusu zako za nyumbani kwangu ni sita.

Kweli, na sitakuambia uamke saa tisa usiku, kama wanavyopenda kushauri watu ambao uji wao hupikwa na mtu mwingine. Fanya hesabu ya saa 168 mezani, mbele ya mwenzako, kila mmoja na karatasi yake. Siyo kwa ugomvi, kwa penseli. Nyumbani kwetu mke wangu aliposoma diploma miaka miwili baada yangu tulifanya hivyo, na nilipoona ya kwake imebaki na saa 4 nilikosa la kusema. Nikachukua kufua, chakula cha usiku siku tatu, na daftari za watoto. Wali wangu wa kwanza ulikuwa bokoboko. Waliula.

Kama hakuna mwenza, tafuta mama mwenzako wa kubadilishana: Jumamosi hii watoto wote kwake, ijayo kwako. Saa nne mfululizo bila kuitwa «mama» zina thamani kuliko saa nane za kukatwakatwa.

Ramadhani nisomeje?

Baada ya daku, kabla na baada ya alfajiri. Tumbo lina kitu, mtaa umetulia. Alasiri usijaribu kitu kigumu. Fanya vya mkono, kama kupanga notisi au kuchapa. Usiku baada ya tarawehe lala. Na kwa kuwa kila mwaka mwezi huja mapema zaidi kwa siku kumi au kumi na moja, tazama mapema kama utaangukia wiki ya mitihani.

Umeme ukikatika?

Karatasi tupu niliyoitaja juu haitumii umeme. Taa ya kuchaji iwe imejaa, madesa muhimu yawe yamechapwa, na asainimenti itume siku moja kabla, kwa sababu umeme na bando vina tabia ya kuisha pamoja.

Ni programu gani ya simu unayoipendekeza?

Daftari la kaunta, la kurasa 96. Upande wa kushoto kazi za wiki, kulia saa nilizonazo. Likijaa kulia, cha kushoto kinasubiri. Kama unapenda programu, tumia kalenda iliyokuja na simu na uishie hapo. Nina rafiki aliyetumia likizo nzima ya Pasaka kulinganisha programu za kupanga muda.

Zimebaki wiki tatu, sijasoma kitu. Ndiyo basi?

Wiki tatu kwa saa 16 ni saa 48. Ukiongeza siku tano za likizo, saa tisa kila siku, una 93. Kaa chini leo jioni na mitihani ya miaka mitatu iliyopita, uone mada zipi hurudi. Panga mada hizo kwa alama, si kwa sura za kitabu. Chukua ya kwanza, kesho karatasi tupu, ya pili, kesho kutwa karatasi tupu ya zote mbili. Kama una kozi nne na saa 93, chagua mbili za kufaulu vizuri, moja ya kupita, na ya nne nenda uulize ofisi ya masomo, kabla ya mtihani, utaratibu wa kuahirisha ukoje. Beba kitambulisho na barua ya kazini. Dirisha lao mara nyingi hufungwa mchana, kwa hiyo wahi asubuhi kabla hujaenda kazini.